Sauti Mbili Katika Redio Moja

Ndugu wasikilizaji mlio Petta na vitongoji vyake, mlio Tororo chini ya mwamba ule unaoonekana kutoka mbali, na mlio Busia, mji ambao mpaka umeupasua vipande viwili, kimoja kikawa cha Kenya na cha pili kikawa cha Uganda, ilhali jina limebaki lile lile, kila mwenye redio katika pande hizi anaijua adha moja: usiku unapotulia, naye ameketi akisikiliza taarifa ya habari ya Kampala, mara sauti nyingine ya kutoka Kenya hujipenyeza, zikawa sauti mbili katika redio moja, hii ikitangaza mazishi na ile ikiimba, hata msikilizaji asijue lipi ni la wapi. Walio wengi huipiga redio kofi. Mwenye busara huipeleka kwa fundi.

Fundi naye, akisha kuifungua, hakurupuki kung'oa na kubadilisha. Hushika testa yake akagusa hapa, akasikiliza. Akagusa pale, akasikiliza. Na anapogusa mahali fulani ile sauti ya pili ikakoma, hapo hujua kwamba mahali pale pana shirika na sauti ile. Hajatengeneza kitu bado. Ameuliza swali, na redio imemjibu. Maudhui yangu jioni hii ni mafundi wa namna hiyo, ambao chombo chao si redio bali ni ubongo wa mwanadamu aliye hai na macho, na ambao swali lao ni hili: katika maradhi ya skizofrenia, usemi wa mtu huvurugika wapi, na kwa sababu gani?

Jina hilo la skizofrenia lilitungwa na tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kupasuka na moja la akili. Wapo wanaodhani kwamba maana yake ni watu wawili kukaa katika kiwiliwili kimoja, sivyo alivyokusudia. Alikusudia kwamba zile nyuzi zinazofunga wazo na wazo lifuatalo zimelegea, mithili ya ushanga uliokatika uzi, punje zake zote zipo lakini mkufu haupo. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtu 1 katika kila watu 300 ana maradhi haya, nao kwa jumla ni kama milioni 24 duniani kote. Basi hakuna tarafa iliyosalimika, na mimi sidhani kwamba yuko msikilizaji asiyemjua hata mmoja.

Sisi tulikuwa na majina yetu kabla ya Bleuler. Kiswahili kina wazimu, neno linalotazamana na mzimu uso kwa uso. Kina majinuni, lililotoka kwa Waarabu, yaani aliyeingiliwa na majini. Kina na kichaa. Waganda husema eddalu, na Waluo humwita mgonjwa janeko. Kana kwamba hayo hayakutosha, tukatwaa hata majina ya hospitali tukayafanya matusi: Mathari ya Nairobi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma iliyojengwa mwaka 1927, na Butabika ya Kampala iliyofunguliwa mwaka 1955, zote zimetajwa midomoni mwa watu kwa dhihaka mara nyingi kuliko zilivyotajwa kwa shukrani.

Hata hivyo, katika kumtambua mgonjwa wazee wetu hawakuwa wajinga. Mwaka 1966 mtaalamu wa Kimarekani, Robert Edgerton, alichapisha uchunguzi alioufanya kwa Wahehe wa Tanganyika, kwa Wakamba na Wapokoti wa Kenya, na kwa Wasebei wa mlima Elgon, ambao ni majirani zetu, akiuliza mwenye wazimu hujulikana kwa dalili gani. Watu hao wametengana kwa lugha na kwa masafa, lakini katika majibu yao zilimo dalili zinazofanana: huenda uchi, hutangatanga, na hunena maneno yasiyo na maana. Zingatieni hilo la tatu. Kabla ya mizani yoyote ya kitabibu, sikio la jirani limekwisha kuutambua ugonjwa kwa njia ya maneno.

Na maneno hayo huvurugika kwa utaratibu wake. Mathalan mgonjwa aulizwe amefuata nini sokoni, naye ajibu: nimekuja kununua ndoo, ndoo ni ndoa, ndoa haitaki doa, doa likiingia nguoni hata Tororo watajua. Sikilizeni vema. Hilo si fujo tupu. Kila neno limevutwa na lile lililolitangulia, ila limevutwa kwa mlio na si kwa maana, na kusudio la kujibu swali limesahauliwa njiani. Mshairi hufanya hivyo hivyo, lakini mshairi ameishika hatamu, ilhali huyu ameburutwa nayo. Tabibu wa Kiingereza, Tim Crow, aliuliza mwaka 1997 kama skizofrenia haikuwa ndiyo bei ambayo spishi ya binadamu ililipa kwa kupewa lugha. Swali zito, ambalo wengi wamelipinga, lakini hakuna aliyeona aibu kulijadili.

Kisha ziko sauti. Aghalabu ya wagonjwa husikia watu wakisema ambao wengine hawawasikii, na jambo hili limewatisha watu tangu kale. Lakini hebu kila mmoja wetu ajichunguze. Unapojiambia moyoni, kesho niwahi basi la asubuhi, je, huko si kusema? Ni kusema, ila bila ulimi. Wataalamu wengi wa zama hizi wanadhani kwamba ubongo, kila unapotunga maneno, hupeleka taarifa kwa ile sehemu inayosikia, kana kwamba unaiambia, haya yajayo ni yetu wenyewe, usishtuke. Na kwamba katika skizofrenia taarifa hiyo huchelewa au hufifia, hata maneno ya mtu mwenyewe yakamfikia kama ya mgeni aliyesimama nyuma ya mlango. Katika miaka ya 1940 tabibu mmoja wa Marekani, Louis Gould, alikuza kwa mitambo minong'ono hafifu iliyotoka kooni mwa mgonjwa, akakuta inafanana na yale ambayo mgonjwa alisema sauti zinamwambia.

Wala sauti hizo hazivai nguo moja kila mahali. Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji wagonjwa 20 California, 20 Accra na 20 Chennai. Wale wa California wengi walisimulia sauti za vitisho na mapigano. Wa Accra wengi walisema ni Mungu anayesema nao, na wengine hawakuziona sauti hizo kuwa ni bala. Wa Chennai walisikia mara nyingi ndugu na jamaa, wakiwaamrisha kazi za nyumbani na kuwakaripia. Basi hata sauti isiyo na mwenyewe husema kwa desturi ya nyumba iliyoingia. Lishikeni neno hilo, kwani nitalirudia nitakapofika Petta.

Nije sasa kwenye testa ya mafundi wetu. Kuugusa ubongo kwa umeme ni jambo la kale. Tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, karne ya kwanza, aliagiza mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki taa aliye hai, yule mwenye umeme, mpaka ganzi imshike. Katika karne ya 20, huko Montreal, mpasuaji Wilder Penfield aliwafungua fuvu wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwani ubongo wenyewe hauna maumivu, akaugusa kwa waya wenye umeme mdogo ili ajue sehemu zipi asizikate. Akagusa hapa mkono ukachezacheza, akagusa pale mgonjwa aliyekuwa akihesabu akanyamaza ghafula, na mahali pengine mgonjwa akasema amesikia muziki au watu wakiongea. Mambo ya usemi aliyaweka pamoja na mwenzake Lamar Roberts katika kitabu cha mwaka 1959. Ila huwezi kumpasua fuvu mtu kwa sababu ya udadisi, na kwa hiyo mlango huo ulibaki wazi kwa wenye kifafa na uvimbe tu.

Mlango wa pili ulifunguliwa na sumaku. Michael Faraday alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu. Na mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka msokoto wa waya juu ya kichwa cha mtu mzima wa afya, wakapitisha umeme mkali kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya nukta, na mkono wa mtu yule ukaruka pasipo yeye kuuamrisha. Sumaku ilikuwa imepita kwenye nywele, ngozi na mfupa bila kujeruhi chochote, ikazaa umeme mdogo ndani ya ubongo, kiasi cha sentimita mbili au tatu chini ya ngozi ya kichwa. Mwaka 1991 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walitumia mapigo ya haraka ya sumaku hiyo kwa wagonjwa sita wa kifafa waliokuwa wakihesabu kwa sauti, wakaweza kuukatisha usemi wao, nao ukarejea mara sumaku ilipozimwa.

Hapa sina budi kuondoa hofu moja, maana nijuavyo ni kwamba neno umeme likitajwa pamoja na neno wazimu, msikilizaji huwaza mtu aliyefungwa kitandani akipigwa shoti. Hiyo ni tiba nyingine, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, ambayo kusudi lake ni kuleta degedege. Siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, nayo ina mahali pake. Ninayoieleza leo haikusudii degedege. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, husikia mlio wa tak, tak, tak, huhisi kama anadonolewa na kuku kichwani, akaondoka kwa miguu yake.

Kwa nini taabu yote hiyo, ilhali ziko mashine zinazopiga picha ubongo ukifanya kazi? Jibu wametupa wahenga: jogoo awike asiwike kutakucha. Picha huonyesha kwamba wakati sauti zinaposema, sehemu fulani ya ubongo nayo imechangamka. Lakini jogoo naye huchangamka alfajiri, wala si yeye aliyeileta. Njia ya kujua ni kumnyamazisha jogoo kwa muda mfupi, kisha kutazama mashariki. Kama kumekucha vile vile, jogoo hana hatia.

Ndivyo alivyofanya Ralph Hoffman wa Chuo Kikuu cha Yale. Alichagua sehemu ya kushoto, juu na nyuma ya sikio, inayoshughulika na kuyapokea maneno, akaipiga kwa sumaku polepole, pigo moja kwa kila nukta, mwendo ambao huipoza sehemu badala ya kuisisimua. Mwaka 2000 alitangaza habari za wagonjwa 12 waliokuwa wakisikia sauti hata baada ya dawa: zilipungua zaidi walipopigwa sumaku ya kweli kuliko walipopigwa ile ya bandia, ambayo msokoto hupindwa pembeni, mlio ukasikika na nguvu isiingie. Habari hiyo ilienea kwa furaha. Lakini elimu ina mizani isiyopendelea, na mwaka 2011 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walipowapima wagonjwa 62, waliopigwa ya kweli hawakuwashinda waliopigwa ya bandia. Mwaka 2012 Jérôme Brunelin na wenzake wa Lyon walitumia njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi zikipitisha umeme wa miliampea 2 kwa dakika 20, mara mbili kwa siku, siku tano, kwa wagonjwa 30 waliogawanywa kati ya umeme wa kweli na wa bandia; waliopata wa kweli sauti zao zilipungua karibu theluthi. Waliojaribu tena kwingineko, wengine waliona nafuu na wengine hawakuona.

Kwa hiyo mtu akija kijijini kwenu na kisanduku chenye waya mbili, akinadi kwamba anaondoa sauti, mwambieni kwamba waliovijaribu vyombo hivyo wenyewe bado wanabishana. Kama dawa, ushahidi wake unapanda na kushuka. Kama swali, umekwisha kutupa jambo la thamani: kwamba huenda jogoo huyu si bure, kwamba ile sehemu ya kupokea maneno yaelekea ina mkono katika sauti zisizo na msemaji, na kwamba kumpima mgonjwa kabla na baada ya umeme, aulizwe lipi lilitamkwa na lipi alilifikiri tu, ni njia ya kuufikia mzizi badala ya majani.

Na sasa nifike Petta. Hapa mama atamsemesha mtoto Kidhopadhola, atabishana bei kwa Kiteso au Kisamia, atamjibu mchuuzi kwa Kiganda, atamwita dereva wa lori kwa Kiswahili, na barua ya shule ataletewa ya Kiingereza. Na katika sentensi moja ya mtu mzima mwenye akili timamu zitapita lugha tatu bila yeye kujua. Mgeni aliyezoea lugha moja angesema nyuzi zimelegea. Hazijalegea, ni nyuzi nyingi.

Chukueni jaribio moja mashuhuri. Mwaka 1964 Loren na Jean Chapman pamoja na mwenzao walieleza kwamba mwenye skizofrenia, akikutana na neno lenye maana mbili, huvutwa na ile maana yenye nguvu zaidi hata kama maneno ya jirani yanaelekeza kwingine. Haya, tulipime hilo kwa Kiswahili: Bibi aliketi juu ya mbuzi, akakuna nazi. Mtu wa Lamu au Unguja hana shaka, mbuzi ni kile kibao chenye ulimi wa chuma. Lakini mzee wa Petta, ambaye shamba lake ni la wimbi na mihogo, na ambaye mbuzi anayemjua ana miguu minne na kamba shingoni, atamwona bibi kizee amempanda mnyama. Je, tumwandikie kwamba ni mgonjwa? Jaribio ambalo Mombasa lingefichua maradhi, hapa lingefichua umbali kutoka baharini, basi.

Iko na hatari ya pili, nayo ni ya ukalimani. Mgonjwa wa Petta akifikishwa hospitali, aghalabu tabibu hajui Kidhopadhola, na anayefasiri ni mpwa au dada aliyemsindikiza. Mpwa huyo ana huruma na ana haya. Akisikia ndoo imekuwa ndoa na ndoa imekuwa doa, huyanyoosha, akamwambia tabibu: anasema amekuja kununua ndoo. Sentensi nzuri, yenye mwanzo na mwisho! Na katika kuinyoosha amefuta ile dalili yenyewe ambayo tabibu aliitafuta, kama mtu aliyezifuta nyayo za mwizi kwa kufagia ua.

Tena katika nchi hii si kila anenaye ovyo ni wa skizofrenia. Tororo ilikuwa makao ya utafiti wa malale kwa Afrika Mashariki yote katikati ya karne iliyopita, kwa kuwa mbung'o walikuwa jirani zetu, na malale yakifika ubongoni humgeuza mtu tabia na usemi hata akadhaniwa amerukwa na akili. Pande zote mbili za Busia twafuga nguruwe, na mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa yaweza kufanya vifuko ubongoni vikaleta kifafa. Na sumaku ile, japo ni salama kwa walio wengi, mara chache huamsha kifafa kwa aliye nacho. Basi siku chombo hicho kitakapoletwa hapa, swali la kwanza litakuwa juu ya kifafa na la pili juu ya lugha, kabla swichi haijaguswa.

Wataalamu wa Makerere, wa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na wa kituo cha utafiti cha Kilifi, pamoja na wenzao wa Addis Ababa na Cape Town, wameshiriki katika utafiti mkubwa wa urithi wa maradhi ya akili, wakikusanya mate ya maelfu ya watu, kwa sababu elimu ya urithi ilikuwa imejengwa zaidi juu ya watu wa Ulaya. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mate husafiri katika kichupa, na lugha haisafiri hivyo. Majaribio ya Yale, Utrecht na Lyon yalifanywa kwa watu wa huko na kwa ndimi za huko. Mwenye kutaka kujua sauti husemaje katika kichwa cha mtu wa Petta, sharti kwanza ajue Petta husemaje.

Ndugu wasikilizaji, kazi hiyo haingoji mashine, nayo ni yenu. Atakayemsindikiza ndugu yake hospitali, asiyanyooshe maneno yake. Ayashike yalivyotoka, hata kama yanamtia aibu, ayataje kwa lugha yao yenyewe, kisha ndipo afasiri.

Nami nina neno moja la mwisho, kwa mmoja wenu tu. Maradhi haya humfanya mtu aamini kwamba redio inamsema yeye, na yamkini jioni hii, mahali fulani kati ya Malaba na Petta, yuko aliyesikiliza mazungumzo haya na moyo ukimwenda mbio kwamba nimemlenga. Ndugu yangu, mimi sikujui jina wala nyumba. Nimeyasoma haya katika karatasi, na jirani yako ameyasikia kama ulivyoyasikia wewe. Mwite, umuulize. Akikwambia kwamba naye amesikia, basi ilikuwa redio.